Kupika Samaki Ufuoni Lamu: Mwongozo Kamili wa Moto Mdogo na Vyombo Vichache

Anayetaka kupika ufuoni Lamu na kurudi nyumbani bila gunia la vyombo vichafu aanze na mambo mawili kabla hata ya kuwaza sufuria: maji na mnazi. Maji yatakuambia moto uwashe wapi na saa ngapi, na ndiyo yatakayochukua jivu ukishaondoka. Mnazi utakupa kuni, tui, bakuli, upawa na hata burashi ya kupakia samaki. Vinavyobaki ni vichache, vinaenea kwenye kikapu kimoja cha ukindu. Vipimo vya hapa ni vya watu wanne wazima wanaotaka kula washibe.

Siku na saa

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Toka kujaa hadi kupwa ni takriban saa sita. Mvuvi yeyote atakwambia hayo. Linalomfaa mpishi ni hili: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi alasiri, kisha yakaanza kushuka. Kufikia magharibi yameshaacha ukanda wa mchanga mbichi ulioshikana vizuri, na hayarudi hapo mpaka usiku wa manane upite. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake. Saa kumi maji yako chini, na jioni nzima yanapanda kukufuata ulipo.

Kwa hivyo, ukiweza kuchagua, chagua jioni ya tarehe 13 hadi 16 za mwezi wa Kiislamu. Maji yanaondoka wakati wewe unafika, mchanga umelowa kiasi cha kuchimbika bila kubomoka, mbalamwezi inakupa mwanga wa kuona mfupa wa samaki, na alfajiri bamvua linakuja kufagia. Ukilazimika kwenda siku za maji mafu, washa moto juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji, na uhesabu kwamba kazi ya kufagia ni yako. Kwa vyovyote vile, muulize nahodha saa za siku hiyo, hasa kama utavuka kwa mashua. Njia ya ufuoni kati ya kijiji cha Shela na mji wa Lamu nayo huweza kufunikwa maji yakijaa, na kutembea humo gizani na kikapu kichwani si jambo la kubahatisha.

Upepo nao una neno lake. Miezi ya kusi, Aprili hadi Septemba, ufuo mkubwa wa Shela unapigwa usoni na mchanga utaingia kwenye kila tonge. Msimu huo tafuta sehemu iliyojikinga upande wa mkondo kati ya Lamu na kisiwa cha Manda. Kaskazi ni rahisi zaidi, na siku za matlai, pepo zinapobadilishana, ndizo tamu kuliko zote.

Mahali

Usiwashe moto juu ya vilima vya mchanga vya Shela, wala nyuma yake. Vilima vile ndivyo vinavyochuja mvua na kuweka maji matamu yanayonywewa mjini. Jivu, mafuta na mkojo wa pikiniki vikizama pale, vinazama kwenye kisima cha watu. Kaa mbali pia na nyumba za makuti, mbali kweli, na kila mara kwa upande ambao upepo unatoka kwenye nyumba kuja kwako, si kinyume. Cheche moja ya kifuu huruka umbali usioutarajia. Upande wa Manda, magofu ya Takwa yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Hayo ni ya kutazamwa, si ya kuegemezea moto.

Kasa hupanda kutaga kwenye fuo hizi, Shela, Manda Toto, hadi Kiwayu. Hutaga usiku, juu ya mstari wa maji, na mwanga humtisha mama akarudi baharini. Vitoto vikianguliwa hufuata mwanga, vikiona moto wako vitakuja kwako badala ya kwenda majini. Ukiona alama za kasa mchangani, mfano wa njia pana iliyoburuzwa, au viota vilivyowekewa alama, hama. Hilo halina mjadala.

Kilichomo kikapuni

Wavu mmoja wa kuchomea. Vipande viwili vya nondo, kila kimoja futi mbili. Sufuria moja ya lita mbili yenye kifuniko. Kisu kikali kilichofungwa kitambaa. Koleo. Kiberiti kilichotiwa ndani ya chupa kavu ikafungwa. Ndoo ndogo, ambayo itachota maji ya kuzimia moto na baadaye itabeba taka. Kurunzi. Dumu la lita kumi la maji matamu, na lisipungue hapo, kwa sababu fuo nyingi hazina bomba wala kisima karibu. Chupa mbili za maji zilizogandishwa usiku wa jana: zitakuwa barafu ya samaki, kisha zikiyeyuka ni maji ya kunywa. Majani manane mapana ya mgomba, ndimu sita, chumvi kwenye karatasi. Leso ya kukalia.

Sahani acha. Vikombe vya plastiki acha. Karatasi ya foili iache pia, haiungui, na mabaki yake yanakatakata miguu ya watoto wiki nzima. Jani la mgomba hufanya kazi yake yote na kuzidi. Mafuta ya taa yasiingie kikapuni kabisa: samaki atayanuka hata ukisubiri moto uwe makaa, na kumimina mafuta kwenye moto uliofifia ndiko kunakounguza watu nyuso.

Na wali? Uache nyumbani. Wali wa nazi unataka moto wa utulivu, maji ya kuoshea mchele, na sufuria yenye ukoko wa kuloweka hadi kesho. Nunua mkate wa mofa mjini mchana, au chukua mahamri ya asubuhi. Viazi na muhogo vitajaza tumbo.

Kazi ya nyumbani

Nusu ya upishi huu hufanyika mchana jikoni, na ndiyo siri ya kutooshea vyombo ufuoni. Tui bichi la kumpaka samaki likiachwa kwenye joto la Lamu huchacha kwa saa chache, kwa hivyo usilibebe bichi. Lipike.

Ikune nazi moja iliyokomaa, ikamue kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu upate tui zito. Tui la pili likae kwa mboga ya nyumbani. Twanga punje sita za kitunguu thomu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi mbili na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Changanya na tui, tia nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, bandika kwenye moto mdogo. Koroga bila kuacha, ukiligeuza kisogo linakatika na mafuta yanajitenga. Baada ya dakika kumi hivi litakuwa zito la kushika mwiko. Epua, liache lipoe kidogo, ndipo ukamulie ndimu moja. Ndimu ikitiwa likiwa linatokota, tui hukatika vilevile. Tia kwenye chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funga. Litumike siku hiyohiyo.

Muhogo umenye nyumbani, uupasue urefu, utoe mzizi wa katikati, uufunge kwa kitambaa kibichi. Uwe muhogo mtamu unaouzwa kwa kuchomwa. Muhogo mchungu una sumu ambayo makaa hayaimalizi. Viazi vitamu vinne vioshe tu, ganda libaki.

Samaki

Kwa watu wanne chukua changu mmoja wa kilo moja na tafi wanne wa kuenea kiganja na kidogo. Mtazame jicho: liwe angavu, limejaa, si lililozama. Fungua shavu: ndani pawe pekundu. Mbonyeze ubavuni, nyama irudi. Harufu iwe ya bahari tu. Samaki akikataa moja ya hayo, mshukuru muuzaji na uende meza ya pili.

Nguru, jodari na vibua ni watamu juu ya makaa, lakini wana tabia moja ya hatari. Wakikaa kwenye joto bila barafu hutengeneza sumu ambayo hata upike namna gani haiondoki. Mtu akila anawashwa, uso unawiva, kichwa kinagonga. Kama huna hakika walikaa barafuni tangu walipovuliwa, rudi kwa changu. Na bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, hata mtu akikuapia kwamba anajua kumsafisha, mwache.

Tafi ana miba yenye sumu kwenye mapezi, mgongoni na tumboni. Mwambie muuzaji amkate mapezi. Mtu akichomwa, atumbukize mkono kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi, maana moto ndio unaovunja ile sumu. Sufuria yako ya chai ina kazi hiyo pia.

Changu mpare magamba na umtumbue. Tafi mtumbue tu, magamba usimguse, sababu utaiona baadaye. Kuosha kote kuishie nyumbani. Wapange samaki kikapuni kwenye jani la mgomba, chupa za barafu juu na chini.

Kuni, na ruhusa yake

Makuti, makumbi (maganda ya nje ya nazi) na vifuu vina mwenyewe hata vikiwa vimelala chini. Pita kwa mwenye shamba mapema: "Masalkheri ami, twaomba vifuu na makumbi ya kuchomea samaki." Mara nyingi utapewa zaidi ya unavyoweza kubeba, na si vibaya jioni ukimpitishia tafi mmoja kwenye jani.

Unahitaji hivi: vifuu vya nazi kumi au kumi na mbili, vikavu kabisa, makumbi matano sita, karara (ala ya ua la mnazi) mbili tatu, na kifungu cha kilifu, ule utando wa nyuzi kwenye shina la kuti, au makuti makavu ya kuwashia. Vifuu vina mafuta, huwaka kwa kelele kisha vikaacha makaa makali yasiyodumu sana. Kwa sababu hiyo ongeza mkaa wa mkebe mmoja wa kilo mbili. Ukibahatika kupata matawi makavu ya mvinje yaliyoanguka, hakuna kuni bora kuliko hizo kwa moto wa kudumu.

Mkoko usikate. Ni kweli unawaka vizuri, wazee walijengea na kupikia, lakini mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932, kuikata kunataka kibali cha shirika la misitu, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Humo ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia, kwa hiyo ukiuchoma mkoko unachoma mlo wa mwaka ujao. Mbao zilizotupwa na bahari nazo ziache. Zimeshiba chumvi, na chumvi ikiungua na kuni hutoa moshi wenye sumu unaoshika kwenye ngozi ya samaki. Vipande vya mashua kuukuu ni vibaya zaidi, vina rangi na dawa ya kuua minyoo ya mbao. Na ukiokota matawi vichakani, jihadhari na mnyaa, ule wa utomvu mweupe. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, na moshi wake hauna tofauti kubwa.

Kuchimba na kuwasha

Fika kwenye saa kumi na moja na nusu, maji yakiwa yameshashuka hatua kadhaa. Teremka chini kidogo ya mstari wa mwani mbichi, pale mchanga umelowa lakini wimbi halifiki. Kwa kifuu au mkono chimba mfereji wa urefu wa shibiri tatu, upana shibiri moja, kina shibiri moja. Mchanga mbichi utasimama wima. Mchanga mkavu utakuangukia kila dakika, ndiyo sababu nimesisitiza maji.

Mafiga ya mawe hayahitajiki, na mawe ya ufuoni hayafai. Ni matumbawe. Yana maji ndani, yakishika moto hupasuka kwa kishindo na vipande vikaruka machoni. Jiwe hilohilo likichomwa vya kutosha hugeuka chokaa, ndiyo kazi ya tanuu za chokaa zilizojenga mji wa Lamu. Chokaa si kiungo cha samaki. Nondo zako mbili zitalazwa kukatiza mfereji, wavu juu yake, na zinabeba sufuria bila kutikisika.

Tandaza karara na vifuu kadhaa vilivyofudikizwa chini ya mfereji ili moto usikae juu ya mchanga mbichi. Chambua nyuzi za kumbi mpaka ziwe laini za kufumuka, zifunike kwa kilifu na vijiti vya kuti, vifuu vipangwe juu vikiegemeana na kuacha nafasi ya hewa. Washa kwa upande unakotoka upepo ili ndimi ziingie ndani ya kuni. Usiwashie mfuko wa nailoni. Najua ndio mkato wa wengi, lakini moshi ule ni sumu na mifuko yenyewe ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Vifuu vikishika, mwaga mkaa juu yake. Moto mkubwa ukae upande unakoelekea upepo, na makaa yakiiva uyavute upande wa pili, chini ya wavu. Mpishi anakaa upande unakotoka upepo, moshi unakwenda zake. Makumbi mawili yaliyolowana kidogo yakitupwa kandokando yatafuka polepole na kufukuza mbu. Mwenye buibui au mtandio mwepesi afunge ncha zake kabla ya kuinama. Kitambaa kile hushika moto kabla hujaita jina la mtu.

Subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanatia samaki ndimi zikiwa bado zinacheza, ngozi inaungua, ndani mbichi. Makaa yako tayari yakiwa yamefunikwa na jivu jepesi jeupe. Weka kiganja shibiri moja juu yake uhesabu: ukiondoa mkono kwenye mbili, bado ni makali. Ukifika nne au tano, hapo ni pa samaki. Nafasi hiyo, dakika 25 au 30, ndiyo ya kuswali magharibi kwa zamu, mmoja abaki na moto.

Mpangilio wa kupika

Viazi vitamu huingia kwanza, moto ukiwa bado unajengeka. Vifukie pembeni mwa mfereji, kwenye jivu na makaa madogo, si chini ya ndimi. Vigeuze mara moja. Kiazi cha ukubwa wa ngumi kinataka dakika 40 hadi 60. Kichome kwa kijiti. Kikipita bila kukwama, kimeiva. Ganda linatupwa, ndani hakuna chembe ya jivu, na hakuna chombo kilichochafuka.

Muhogo unafuata, juu ya wavu, makaa yakiwa ya kati. Geuza kila upande mpaka uwe na madoa ya kahawia na upasukepasuke, kama dakika 20. Upasue katikati ukiwa moto, ukandamize chumvi na pilipili ya unga kwa kipande cha ndimu. Huu ndio wa kuwanyamazisha wenye njaa wakati samaki anangoja.

Tafi ni kazi ya wavuvi wenyewe. Mpake chumvi tumboni, mlaze juu ya wavu na magamba yake. Magamba yanaungua yakashikana yakawa ganda gumu, nyama inaiva ndani kwa mvuke wake, na hagandi kwenye wavu. Dakika sita hivi kila upande. Ukiwa huna wavu, kata uti wa kuti bichi wa urefu wa mkono, upasue hadi nusu, mbane samaki katikati, funga ncha kwa ukindu, usimike mchangani ukiinamia makaa. Kubanika huku ni polepole zaidi, robo saa kila upande na macho yasibanduke, lakini nyama hutoka na harufu ya moshi ambayo wavu hauwezi kuitoa. Akiiva ngozi yote inavuliwa kwa mara moja. Kamulia ndimu.

Changu wa kupaka ndiye wa heshima, naye asiharakishwe. Mchanje mikato mitatu kila upande mpaka ufikie mfupa. Sugua chumvi na ndimu kwenye mikato, dakika kumi zinatosha. Akikaa sana kwenye ndimu nyama inakuwa kavu. Usugue wavu kwa kipande cha ndimu au mafuta kidogo, uache upate moto sawasawa kabla ya kumlaza, ndipo hatagandana. Mlaze na umwache. Dakika nane hadi kumi usimguse. Ngozi ikishaiva yenyewe inaachia wavu. Ukimlazimisha kabla, unabaki na nusu ya samaki mkononi. Mgeuze mara moja, dakika nyingine saba nane.

Sasa tui. Burashi itengeneze kwa kipande cha kumbi kilichogongwagongwa ncha mpaka nyuzi zikasimama. Paka upande wa juu, hakikisha tui linaingia kwenye mikato. Geuza, paka upande wa pili. Utasikia tui likidondoka kwenye makaa, chaa, na moshi mtamu ukapanda: huo moshi ni sehemu ya kiungo, usiukimbie. Rudia mara tatu kila upande, kila safari liache likauke mpaka liwe na ukoko wa manjano uliobabuka kidogo kandoni, ndipo uongeze. Ndimi zikizuka, rusha maji kwa vidole, usimwage. Ameiva nyama ikiwa nyeupe kabisa kwenye mfupa na ikiachana nao kwa ncha ya kisu. Ikiwa bado inang'aa au inang'ang'ania uti, mrudishe.

Tui lililobaki chupani, kama burashi uliyompakia samaki mbichi imeingia humo, lisiliwe hivihivi. Lichemshe kwanza. Njia nzuri ni kuanza kwa kumimina kidogo kwenye kifuu kisafi cha kuchovyea burashi, la chupani likabaki la kumwagia mezani.

Majani ya mgomba yapitishe juu ya makaa sekunde chache kila moja. Yatabadilika rangi, yalainike, yasipasuke. Tandaza, panga samaki, viazi, muhogo na mkate, kila mtu anawe, bismillahi.

Chai

Wakati watu wanakula, makaa yaliyobaki yanatosha sufuria moja. Kabla ya kuibandika, ipake chini na ubavuni sabuni ya kipande iliyoloweshwa, au uji mzito wa jivu na maji. Masizi yatashika kwenye hiyo sabuni badala ya chuma, na yatatoka kwa kufuta mara moja. Chemsha vikombe vinne vya maji matamu na tangawizi iliyopondwa na hiliki tatu, tia kijiko cha meza cha majani ya chai na sukari upendavyo. Chai ya strungi baada ya samaki wa kupaka hukata mafuta kooni. Kunywa kwa vifuu vilivyosuguliwa vizuri. Tumia nusu kikombe cha maji ya moto na ndimu zilizokamuliwa kuoshea mikono. Shombo lote linaondoka.

Mtu akiungua, maji safi ya baridi ya dumuni yamwagike juu ya jeraha polepole kwa dakika 20. Si mafuta, si dawa ya meno, si unga. Malengelenge yasitumbuliwe, na ikiwa ni uso au eneo kubwa kuliko kiganja, ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kuzima, na kuondoka

Usifukie moto kwa mchanga. Hili nalisema kwa uzito wote kwa sababu ndilo kosa linaloumiza watoto wa pwani. Makaa yaliyofukiwa hukaa na moto kwa saa nyingi, juu panaonekana ni ufuo wa kawaida, na anayekuja kucheza hapo hana kiatu. Toa kwanza nondo na wavu kwa koleo. Chota maji ya bahari kwa ndoo, simama upande unakotoka upepo, mimina kidogokidogo kutoka mbali ya mkono, maana mvuke wa kwanza unaunguza kuliko moto. Koroga kwa kijiti. Mimina tena. Koroga tena. Mpaka usisikie mlio wowote wa makaa na mgongo wa mkono ukiusogeza hausikii joto. Ndoo nne tano. Hapo ndipo urudishe mchanga ukasawazisha mfereji. Vipande vikubwa vya mkaa uliozimika viokote, vitawaka vizuri safari ijayo.

Mifupa na mabaki ya samaki yatupe majini wakati maji bado yanapwa, kwenye kina, si pale watu wanapooga. Ukiyazika mchangani paka na kunguru watayafukua kabla ya asubuhi. Majani ya mgomba, maganda na makumbi yaliyobaki rudisha shambani, yataoza chini ya mnazi. Kilichobaki ni karatasi ya chumvi, chupa na pengine kamba: ndani ya ndoo, nyumbani. Kipande cha nailoni kikibaki mchangani Lamu hakiishii baharini tu. Punda wanakila, kinawakwama tumboni, na mganga wa punda hana dawa rahisi ya hilo. Kabla ya kuondoka, mmoja apite na kurunzi akitazama chini, duara lote mlilokaa.

Wavu usugue papo hapo, ukiwa bado na uvuguvugu, kwa kumbi na mchanga ulioloa. Mabaki ya tui yakipoa yanakuwa gundi. Usuuze baharini, kisha nyumbani kwa maji matamu pamoja na nondo na kisu, maana chumvi ikilala usiku mmoja asubuhi unakuta kutu. Ukaushe, uupake tone la mafuta ya nazi kwa kitambaa, uutundike. Kikapu kianike juani siku mbili mpaka ukindu usinuke samaki, na usikifunike kikiwa kibichi, kitaota ukungu.